Mhuri wa masijala

Kwenye grupu letu la WhatsApp, la watu wa Kahama tuliotawanyika kuanzia Muscat mpaka Minneapolis, kuna swali linalozuka kila tunapochangia darasa au zahanati ya nyumbani: serikali yenyewe ilitoa shilingi ngapi, na zimeishia wapi? Mmoja wetu hujitolea kumpigia simu "mtu anayemfahamu" ofisini, mtu huyo anasema atafuatilia, na habari inaishia hapo. Safari moja niliachana na simu, nikamwomba mjomba wangu wa Ushetu aandike barua. Mara bosi yuko safari, mara faili liko kwa wakaguzi, mwisho akaambiwa kwa mdomo kwamba mambo hayo ni siri. Ofisi siitaji. Ila neno hilo "siri" lilinikaa kooni.

Kwetu neno hilo lina historia. Ukitoka Nyamilangano, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Ushetu, ukafika Kahama mjini, hauko mbali na ulipokuwa mgodi wa Buzwagi. Mkataba wake ulisainiwa London, Februari 2007, na Nazir Karamagi, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Mbunge Zitto Kabwe alipolipeleka suala hilo bungeni Agosti mwaka huo, aliyeadhibiwa ni yeye: alisimamishwa kuhudhuria Bunge. Kelele za wananchi ndizo zilizofuata, Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa mjumbe wake. Fikiria mtu aliyekuwa akiishi jirani na machimbo yale. Mkataba wa dhahabu iliyo chini ya miguu yake ulisomwa na watu wa London kabla yake.

Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, iliyotaka mikataba iwekwe hadharani. Mwaka uliofuata ikaja inayomhusu mjomba moja kwa moja: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Ni ya Tanzania Bara. Inasema taasisi ya umma iwe na ofisa wa taarifa, na ukiandika ombi ujibiwe ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, ofisa akamwandikia. Ukinyimwa, sababu zitolewe kwa maandishi. Yale ya "hayo ni siri, mzee" yanayosemwa mlangoni si jibu la kisheria.

Siri zenyewe zipo. Usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea, faragha ya mtu, maslahi ya kibiashara: hayo yamekingwa. Na mtumishi akitoa taarifa iliyokingwa anaweza kufungwa. Hapo ndipo namwonea huruma kidogo ofisa wa wilayani. Akikunyima, atakayesumbuka ni wewe. Akikosea kukupa, atakayesumbuka ni yeye. Katika hali hiyo hata bei ya mifuko ya saruji itaonekana siri.

Sasa, umenyimwa, unafanyaje? Ndani ya siku 30 tangu upate jibu unaandika kwa mkuu wa taasisi, ukiomba uamuzi upitiwe upya. Kwa halmashauri, mkuu ni mkurugenzi mtendaji. Usiporidhika naye, unakata rufaa kwa Waziri. Umeona kasoro: unamlalamikia bosi kuhusu mtumishi wake, kisha unaipeleka serikali mbele ya serikali. Wakenya, kwa sheria yao ya 2016, wanapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, na ofisi zao zina siku 21 tu za kujibu. Uganda, yenye sheria tangu 2005, unamwendea hakimu mkuu wa eneo. Kwetu kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayochunguza malalamiko ya watumishi kukiuka utawala bora. Ni mlango wa pembeni, lakini usiupuuze.

Jambo lililonishtua mimi ni dogo, limo mwanzoni mwa sheria. Mwenye haki ya kuomba ni raia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, kwa hiyo ndugu yetu aliyekula kiapo Marekani au Uingereza, hata kama ndiye aliyetuma nusu ya mabati ya darasa, hana ombi la kupeleka. Mkenya mwenye pasipoti mbili anaandika barua yake bila wasiwasi. Sisi wenye pasipoti ya bluu ya Marekani mfukoni tunabaki kumtegemea mjomba.

Na mjomba alikosea wapi? Alimwachia karani barua, akaondoka mikono mitupu. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia lini, kama hakuna anayeweza kuonyesha siku ilipofika? Barua ichapwe nakala mbili, chini ya "YAH:" useme unachotaka bila kuzunguka: mradi gani, mwaka gani wa fedha, hati gani. Zote mbili ziende masijala, moja ibaki, nyingine irudi na mhuri wa kupokelewa. Karani akisema mhuri umekauka wino, subiri benchini.

Tumeanza upya. Safari hii mjomba alikaa benchini tangu saa nne mpaka saa nane na nusu. Alinitumia picha jioni: mhuri umekaa upande, robo yake haisomeki, lakini tarehe inaonekana, na karani ameweka sahihi juu yake kwa kalamu ya bluu. Leo ni siku ya 19.