Kabla ya kufunga matairi makubwa kwenye gari lililoinuliwa

WAMILIKI wengi wa magari ya njia mbaya wanapofika gereji huwa na ombi moja: gari liinuliwe, kisha lifungwe matairi makubwa. Wanachotaka kinaeleweka. Mvua za masika zinapoharibu barabara za vijijini, gari lililo chini hukwama tumbo, na lililo juu hupita. Hata hivyo, kuinua gari na kuongeza tairi ni mambo mawili tofauti, na wengi hulipia la kwanza wakidhani wamepata la pili.

Springi ndefu zaidi huinua bodi na chesesi. Haziinui ekseli. Kwa gari lenye ekseli nzima mbele na nyuma, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinazobeba watalii kutoka Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti, bakuli la difu hubaki palepale lilipokuwa, hata kama springi zimeongezwa milimita 50. Jiwe lililokuwa likigonga difu jana litaligonga na leo. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, nalo huliinua kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka.

Hesabu yake si ngumu. Tairi la 265/70R16, ambalo limezoeleka kwenye Land Cruiser Prado, lina upana wa milimita 265. Ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 185.5. Ubavu huhesabiwa mara mbili, juu na chini, kisha huongezwa rimu ya inchi 16, ambayo ni milimita 406. Jumla ni milimita 777. Tairi la 285/75R16, linalopendwa na wanaoinua magari yao, kwa hesabu hiyohiyo lina kimo cha milimita 834. Tofauti ni milimita 57, lakini difu ya nyuma hupanda milimita 28 tu, pungufu ya sentimita tatu.

Sentimita tatu si kidogo kwenye mifereji iliyochimbwa na malori. Ila zina bei yake, na bei hiyo hailipwi yote dukani.

Tairi la 834 ni kubwa kuliko la 777 kwa asilimia 7.3. Kipima mwendo hakijui kwamba tairi limebadilishwa. Huhesabu mizunguko tu. Kinaposomeka kilomita 80 kwa saa, gari linaweza kuwa linakwenda karibu 86. Ni kweli kwamba vipima mwendo vingi hutengenezwa visome zaidi kidogo ya mwendo halisi, hivyo sehemu ya kosa humezwa humo, lakini mwenye kutegemea bahati hiyo mbele ya tochi ya askari wa usalama barabarani anajitafutia faini. Kilomita nazo hupungua kwenye hesabu: safari ya kilomita 1,000 husomeka kama 932. Ndiyo maana wengi hulalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta kupita kiasi, kumbe sehemu ya lalamiko hilo ni kosa la mita.

Jambo zito zaidi ni breki. Breki hushika diski au dramu iliyo katikati ya gurudumu, na tairi linapoongezwa kimo, mkono wa nguvu kati ya katikati hiyo na lami hurefuka. Mguu ukikanyaga kwa nguvu ileile, nguvu ya kusimamisha gari hupungua kwa karibu asilimia 7. Juu ya hilo, tairi kubwa huwa zito zaidi, na uzito unaozunguka ni mgumu kuusimamisha. Dereva anayeshuka bonde la Ngorongoro, mteremko wa takriban mita 600 kutoka ukingoni, akiwa na abiria na mizigo, huitegemea pia injini kulizuia gari kwa gia ndogo. Tairi kubwa hupunguza na msaada huo, kwa kuwa kila gia sasa ni kama imerefushwa.

Wakati wa kupanda, urefu huohuo wa gia huonekana upya. Injini ya 1HZ, ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, inayosifiwa kwa uvumilivu, haina turbo. Ukingo wa Ngorongoro upo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu. Ikiongezewa tairi kubwa, dereva hujikuta akirudi gia ya pili pale alipozoea kupanda kwa ya tatu. Dawa yake ni kubadilisha krauni na pinioni za difu ili kurudisha uwiano, zote mbili kwa gari la magurudumu manne, kazi ambayo gharama yake huwashangaza waliokuwa wamepanga bajeti ya matairi tu.

Kwa Prado mambo hutofautiana. Mbele hakuna ekseli nzima. Kila gurudumu hutembea peke yake, na difu ya mbele imefungwa kwenye chesesi, hivyo hupanda pamoja na bodi. Faida ipo, lakini shafti za mbele sasa husimama kwa pembe kali zaidi, na mipira inayofunika viungo vyake huchanika mapema. Gari lenye ekseli nzima na springi za koili nalo lina tatizo lake: likiinuliwa, ekseli ya mbele hujipindua kidogo na usukani huanza kuyumba kwenye mwendo mkubwa. Fundi anayeijua kazi hurekebisha kwa bushi maalumu. Asiyeijua humwambia mteja kwamba atazoea.

Ukaguzi wa kugusa nao hufanywa vibaya mara nyingi. Usukani hukatwa hadi mwisho gari likiwa limesimama sakafuni, na tairi lisipogusa madigadi kazi huhesabiwa imekwisha. Gurudumu moja linapaswa kupandishwa juu ya kitu kirefu ili springi yake ibonyee yote, ndipo usukani ukatwe kushoto na kulia. Papo hapo hutazamwa mipira ya breki. Gari lililoinuliwa linapoachia gurudumu kuning'inia, mpira mfupi huvutika, na siku moja hukatika.

Kuna swali ambalo huulizwa mara chache: je, tairi pana ndilo linalofaa? Magari mengi ya safari yameendelea kwa miaka na tairi jembamba la 7.50R16, lenye kimo cha takriban sentimita 80. Kwenye tope jepesi lililo juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hukata tope na kufika chini linaposhika, wakati pana huelea na kuteleza. Kwenye mchanga hali hugeuka, na hapo kupunguza upepo husaidia sana bila gharama, mradi mwenye gari ana pampu ya kuurudisha kabla ya kuingia lami.

Anayeamua kubadilisha abadilishe matano. Prado nyingi huendesha magurudumu manne muda wote, na spea ya kimo kingine hulazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Spea kubwa pia ni nzito, na kwenye Prado huning'inia mlangoni, kwa hiyo bawaba za mlango huo zikaguliwe siku hiyohiyo. Kampuni ya bima iarifiwe. Nati za magurudumu hukazwa tena baada ya kilomita 100 za kwanza.