Tindikali ya Tumbo, Homoni na Dawa za Magoti

Baridi ya Uccle inapowakaza wazee wetu magoti, safari ya kwenda duka lenye msalaba wa kijani huko Chaussée d'Alsemberg huwa fupi. Aspirini na ibuprofeni hupatikana bila cheti cha daktari, na mizigo itokayo nyumbani nayo haikosi diklofenaki. Maumivu hupoa. Baada ya wiki kadhaa tumbo laanza kuwaka, na lawama yote hutupiwa pilipili.

Twaona pilipili inadhulumiwa. Tindikali ya tumbo ni kali, lakini haitoki ovyo. Chakula kifikapo tumboni, homoni ya gastrini, aliyoieleza Mwingereza John Edkins mwaka 1905, huingia katika damu na kuamsha histamini, nayo histamini huziamuru chembe za tumbo kutoa tindikali. Tindikali ikiteremka utumboni, homoni nyingine, sekretini, huizuia isizidi. Ukuta wa tumbo nao hujikinga kwa ute, na ute huo hutegemea prostaglandini. Dawa tulizozitaja hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini mwili mzima, hata zile zilindazo tumbo. Ndiyo maana anayedungwa sindano ya diklofenaki hakusalimika kwa kuwa hakumeza kidonge.

Chanzo kingine kikubwa ni kijidudu Helikobakta pilori, kilichoenea sana Afrika Mashariki na ambacho aghalabu humwingia mtu utotoni. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kukiotesha mwaka 1982. Wengi hawakusadiki, hata Marshall akakinywa mwenyewe mwaka 1984 na kuugua tumbo. Tuzo ya Nobel ikawafikia mwaka 2005. Kijidudu hiki hupimwa kwa pumzi au kwa choo, kisha huuawa kwa antibiotiki pamoja na omeprazoli.

Omeprazoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988, hufunga mlango wa mwisho wa kutolea tindikali. Humezwa kiasi cha nusu saa kabla ya chakula. Basi katika Ramadhani mgonjwa amwulize daktari kama ni kabla ya daku au ya futari. (Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Suratul Baqara, na hatuoni fahari ya kuikataa.) Kabla ya kipimo cha kijidudu husimamishwa wiki mbili, kwa idhini ya daktari, la sivyo majibu hudanganya. Na aliyeitumia kwa miezi mingi akiiacha ghafla, gastrini iliyokwisha kupanda huchochea tindikali kwa nguvu, naye hudhani ugonjwa umerudi.

Bibi atumiaye aspirini ya moyo asiiache kwa kusoma ukurasa huu. Amwulize daktari kama apewe na kinga ya tumbo. Lakini choo kikiwa cheusi kama lami, au matapishi yakiwa kama unga wa kahawa, yaweza kuwa damu. Hapo familia isingoje Jumatatu: ipige 112 usiku uleule.