Ukilipa mbele na kiwanda kianguke, ni nani anarudisha feza?

Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanajua ginsi ya kununua mbali: unatuma avansi China ao Dubai, halafu unangoja. Kiwanda kikianguka mbele mizigo itoke, feza inapotea nacho. Wenye kununua meli wanajikinga kwa barua ya banki inayoahidi kurudisha malipo ya mbele. Lakini hata barua hiyo inaleta mabishano, na kesi ya kampuni Jinse ya Korea ya Kusini inaonyesha namna gani.

Mwaka 2007, kampuni sita ziliagiza kwa Jinse kila moja meli yake, bei dola milioni 33,3, kwa vipande vitano. Kookmin Bank ikatoa dhamana. Mwanzoni mwa 2009 Jinse ililemewa na madeni. Kontra ilisema wazi kwamba hapo wanunuzi warudishiwe feza yao. Banki ikakataa.

Barua yake ilihesabu kwanza hali za kurudisha feza: mnunuzi kukataa meli, kuvunja kontra, meli kupotea kabisa. Madeni ya mjenzi hayakutajwa. Aya iliyofuata ikaahidi kulipa feza "hizo" zote. Hizo gani? Za hali zile peke yake, ao malipo yote ya mbele? Neno dogo hivyo lilishikilia dola milioni 46,6!

Tribinali ya London iliwapa wanunuzi haki, majaji wa rufaa wakageuza, wawili kwa mmoja. Tarehe 2 Novemba 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikamaliza: maneno yakiwa na maana mbili, inafaa kuchukua ile inayoingia akilini mwa wafanyabiashara. Na kwa kweli, ni nani angelipa mamilioni kwa dhamana inayokimbia siku mjenzi anaanguka? Banki ilishindwa.

Kwetu, tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo inafuata sheria za OHADA, na hizo zinatenganisha karatasi mbili. Mdhamini wa kawaida anaweza kuleta visababu vyote vya mwenye deni: mizigo ilitoka, mnunuzi ndiye alivunja kontra, na kadhalika. Hapo unaweza kungoja miaka. Kwa dhamana inayojitegemea, banki inalipa ikiombwa jinsi barua inavyosema, bila kuingia ugomvi wa kontra, isipokuwa ombi ni la udanganyifu ao la kupita kiasi waziwazi. Lazima iandikwe, na jina lake hilo, kiasi cha juu kabisa na mwisho wake; bila hayo haina nguvu.

Mutu binafsi hawezi kuitoa. Ndugu ao jirani akiisaini, karatasi ni bure, hata awe tajiri namna gani. Yeye anaweza tu kuwa mdhamini wa kawaida. Na kama barua inatoka banki ya inje, avoka atazame kwanza inataja sheria ya inchi gani, juu mara nyingi haitakuwa ya OHADA.