Nawa Kabla ya Kumshika Mgonjwa

Umekwenda hospitalini kumjulia hali mama aliyepasuliwa. Je, umenawa mikono kabla ya kumsalimu? Viini sugu, yaani vile visivyosikia dawa, huenea wodini hasa kupitia mikono, ya wahudumu na ya wageni pia. Aina moja, MRSA, iligunduliwa Uingereza mwaka 1961. Ikiingia kwenye kidonda, dawa nyingi za kawaida hushindwa. Mwaka 2019, viini sugu viliua watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Basi nawa kwa sabuni uingiapo na utokapo. Usiguse kidonda wala mipira aliyowekewa mgonjwa. Usione haya kumuuliza daktari kwa upole kama amenawa. Nyumbani nako, usinunue dawa za viini bila kuandikiwa, wala usigawane na jirani. Mama alikwenda kupona. Usimpelekee ugonjwa mwingine.