Takwimu za Utapeli wa Mtandao na Watu Wasioonekana Ndani Yake

Jina la tovuti, liwe linaishia na .com au .tz, husajiliwa kwa dakika chache na kwa ada ndogo. Tapeli akilipata hulitumia kuiga ukurasa wa benki, kusambaza programu hasidi au kuendesha kompyuta alizoziteka. Kanuni za kupambana na uovu huo kwa majina kama .com na .org hutungwa chini ya ICANN, shirika lililoundwa Marekani mwaka 1998. Majina ya nchi kama .tz hujiwekea kanuni zao. Kote huko, kanuni nzuri hutegemea mambo mawili: nani amekaa mezani, na takwimu gani zimeletwa mbele yake.

Takwimu hizo nyingi hutokana na orodha za majina yanayoshukiwa, zinazotengenezwa na kampuni na taasisi za usalama wa mtandao. Orodha hujazwa na anwani za barua pepe zilizowekwa kama mitego, na malalamiko ya wateja, na taarifa za benki kubwa. Ndiyo maana huona vizuri mahali wateja hao walipo. Ujumbe wa Kiswahili unaoingia kwa SMS au WhatsApp, ukiwa na kiungo cha mkopo wa uongo, haupiti kwenye mitego hiyo. Aliyeupokea akifuta na kunyamaza, kwa hesabu za dunia ni kana kwamba haukutumwa.

Orodha hukosea pia kwa upande wa pili, yaani huwabebesha wengine lawama zisizo zao. Kwa miaka mingi majina ya .ml ya Mali na .ga ya Gabon yalitajwa miongoni mwa yanayotumiwa sana na matapeli. Aliyekuwa akiyaendesha, hata hivyo, ni Freenom, kampuni ya Uholanzi iliyoyagawa bure kwa yeyote, popote alipo. Gabon ilipochukua tena usimamizi wa .ga mwaka 2023, zaidi ya majina milioni saba yalifutwa. Aliyesoma jedwali bila kujua habari hiyo angeamini kwamba Gabon ni pango la wahalifu. Vivyo hivyo, tovuti ya shule iliyodukuliwa huweza kuwekwa safu moja na jina lililosajiliwa makusudi kwa wizi, ilhali ya kwanza inahitaji kusafishwa na la pili kufungwa.

Mezani napo hapajasawazika. Sheria za ndani za ICANN zinataka kila ukanda wa dunia, Afrika ikiwamo, uwe na angalau mjumbe mmoja kwenye bodi. Mikutano yake imefika Nairobi mwaka 2010 na Kigali mwaka 2024. Lakini kazi nzito hufanyika kwenye vikundi vinavyokutana kwa miezi, vikijadili rasimu nene. Wanaodumu humo ni wanaolipwa kwa kazi hiyo: wauzaji wa majina, mawakili wa wenye chapa, kampuni za usalama. Lugha zinazohudumiwa na ICANN ni hasa sita zile za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mikataba ya ICANN na wasajili, yaani wauzaji wa majina. Tangu tarehe 5 Aprili 2024, wasajili wanalazimika kuchukua hatua dhidi ya mambo matano: programu hasidi, makundi ya kompyuta zilizotekwa, kuhadaa watu watoe siri zao, kuwaelekeza kwa hila kwenye tovuti bandia, na barua taka zinazobeba hayo manne. Hiyo ni hatua ya kweli, na ilichelewa. Hata hivyo tovuti inayouza bidhaa isiyokuwapo inaweza kubaki nje ya orodha hiyo.

Mishamo, katika wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ina historia inayofundisha jambo hapa. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kwa miongo mingi mambo yao yaliamuliwa na serikali na mashirika. Mwaka 2007 wakazi wa Mishamo na wa makazi mengine mawili ya Warundi hao, Katumba na Ulyankulu, waliandikishwa na kuulizwa wenyewe: kurudi Burundi au kuomba uraia? Takriban wanne kati ya kila watano walichagua Tanzania, na zaidi ya 162,000 wakakubaliwa uraia. Uamuzi ulijengwa juu ya majibu ya wahusika.

Kwenye majina ya mtandao swali la namna hiyo bado halijaulizwa vijijini. Njia ya kuanzia ipo: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hupokea taarifa za ujumbe wa kitapeli kupitia namba 15040, na hata mwenye simu ya kitochi anaweza kuitumia. Kinachofuatiliwa hapo ni namba ya simu iliyotuma ujumbe. Viungo vilivyomo kwenye ujumbe huo vikichambuliwa, vikaainishwa kati ya vilivyodukuliwa na vilivyosajiliwa kwa hila, kisha vikapelekwa kwa msajili husika bila jina wala namba ya aliyetoa taarifa, mjumbe wa Afrika atakuwa na takwimu za kwao za kuweka mezani.