Kwa nini 'Wanjikũ' huvurugika mtandaoni

JAMAA wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, akifungua tangazo la mazishi kwenye tovuti na kukuta Wanjikũ ameandikwa "WanjikÅ©", huenda akadhani tarakilishi imeingiwa na virusi. La hasha! Herufi hazijaharibika, zimesomwa kwa jedwali lisilo lake.

Katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, ũ huhifadhiwa kwa baiti mbili. Jedwali la zamani la Windows-1252 huzisoma kama alama mbili: Å na ©. Ndivyo ĩ inavyogeuka Ä©. Kiswahili, kisicho na herufi hizo, hakijanusurika: kibainishi kilichopinda humfanya ng’ombe awe "ngâ€™ombe".

Tiba ni kuhifadhi faili kwa UTF-8, kisha kutangaza charset="utf-8" mwanzoni mwa ukurasa; seva nayo isitangaze kinyume. Wapo wanaokwepa taabu kwa kuandika u tupu, ilhali ũ ya Kikuyu hutamkwa karibu na o.

Hatari zaidi ni kuhifadhi upya ukurasa uliovurugika. Herufi zikishageuka alama za kuuliza, za asili zimepotea, na itabidi familia iulizwe tena majina ya marehemu.