Hatimiliki Inapofutwa: Miezi Sita ya Kwenda Mahakama Kuu

Mwananchi aliyefutiwa hatimiliki kwa uamuzi wa Serikali ana miezi sita ya kuiomba Mahakama Kuu iuchunguze uamuzi huo. Muda huo huhesabiwa tangu siku uamuzi ulipotolewa. Hausimami kungoja kikao cha ukoo, wala majibu ya barua ya malalamiko iliyopelekwa wilayani au mkoani. Ni rahisi kuupoteza, hasa kwa mtu anayeamini kwamba jambo lililotiwa saini na mkubwa haliwezi kuhojiwa.

Katika Kata ya Mwamanyili, Wilaya ya Busega, jambo hili linawagusa watu wa aina mbili. Wapo wenye viwanja vilivyopimwa, ambao hushika hatimiliki inayotolewa kwa niaba ya Rais kwa kipindi kisichozidi miaka 99. Wapo pia wakulima na wafugaji ambao ardhi yao ni ya kijiji na haki yao ni ya kimila, wawe na hati ya hakimiliki ya kimila au wasiwe nayo. Kundi la kwanza huongozwa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na la pili na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Sheria zote mbili zilitungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Mei 1, 2001.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa hiyo hatimiliki humpa mwananchi haki ya kuikalia na kuitumia ardhi kwa masharti: alipe kodi ya pango la ardhi, aiendeleze, na aitumie kwa shughuli iliyoandikwa kwenye hati. Anayekiuka masharti hayo anaweza kufutiwa miliki, lakini sheria inataka iwepo sababu ya msingi. Miongoni mwa sababu zinazotambuliwa ni kuitelekeza ardhi kwa miaka miwili au zaidi, kuigeuza matumizi, au kuihamisha kinyume cha sheria.

Hata sababu ikiwepo, kuna hatua za kupitia. Mwenye miliki hutakiwa ajieleze au arekebishe kasoro. Ukiukaji ukiwa mkubwa, Kamishna wa Ardhi humpa notisi ya kusudio la kufuta miliki, ambayo hukamilika baada ya siku 90. Ndipo Kamishna anapoweza kumshauri Rais aifute. Siku hizo 90 zina thamani kuliko miezi sita inayofuata, kwa kuwa kulipa deni la pango la ardhi au kuwasilisha utetezi wa maandishi kabla ya uamuzi ni kazi nyepesi kuliko kuutengua uamuzi uliokwisha kutoka.

Hapa ndipo familia nyingi zinaweza kuumia bila kujua. Tuseme kiwanja kina hati kwa jina la baba aliyefariki miaka kadhaa iliyopita, na anuani iliyomo kwenye jalada ni sanduku la posta la mwajiri wake wa zamani. Mjane analima na kulala hapo, lakini mirathi haikufunguliwa na jina halikubadilishwa. Notisi itatumwa kwa marehemu, kwenye sanduku ambalo hakuna wa kulifungua. Mjane atakuja kupata habari siku mtu mwingine atakapofika na mafundi na barua ya toleo.

Ombi ambalo mtu wa namna hiyo hupeleka Mahakama Kuu huitwa mapitio ya mahakama. Jaji hatauliza kiwanja ni cha nani, wala hatapima kama yeye angeamua vingine. Atauliza jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Je, aliyeamua alikuwa na mamlaka hayo kisheria? Alifuata hatua zilizowekwa? Alimsikiliza mhusika kabla ya kuamua? Alikuwa na maslahi yake katika jambo hilo? Uamuzi ni wa namna ambayo mtu mwenye busara asingeweza kuufikia? Swali la kusikilizwa ndilo lenye uzito mkubwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Auto Parts lililoamuliwa mwaka 2003, ilieleza kwamba haki hiyo imekuwa haki ya msingi ya kikatiba.

Utaratibu wenyewe una ngazi mbili, chini ya Sura ya 310 ya sheria na kanuni zake za mwaka 2014. Kwanza huombwa kibali, na hilo ndilo linalopaswa kufanyika ndani ya miezi sita. Mwombaji huwasilisha maelezo ya nafuu anayoitaka na sababu zake, pamoja na hati ya kiapo inayothibitisha ukweli wa mambo. Jaji huangalia kama kuna hoja inayostahili kusikilizwa, na anaweza kuamuru utekelezaji wa uamuzi usimame kwanza. Kibali kikitoka, ombi lenyewe hufunguliwa ndani ya siku 14. Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika shauri. Mahakama ikiridhika inaweza kuutengua uamuzi, kuizuia mamlaka isiendelee, au kuilazimisha itimize wajibu wake.

Si kila mgogoro unaingia katika mlango huu. Msajili wa Hati akisahihisha daftari la hati kwa namna inayomuumiza mtu, sheria ya usajili wa ardhi imeweka njia ya rufaa Mahakama Kuu yenye ukomo wake wa miezi mitatu, na mahakama kwa kawaida humtaka mtu atumie rufaa iliyopo kabla ya kukimbilia mapitio. Anayedai fidia au tamko kwamba yeye ndiye mmiliki hufungua kesi ya madai, na kabla ya kuishtaki Serikali humpa notisi ya siku 90. Majirani wanaogombania mpaka huanzia kwenye Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi hukumu tena bali husuluhisha ndani ya siku 30. Wasiposuluhishwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wenye ardhi ya kimila nao wanalindwa, na ulinzi huo una historia. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, ikaondoa fidia na kufunga milango ya mahakama. Baba na mwana kutoka mkoa wa Arusha, waliokuwa wamerudishiwa shamba lao kwa hukumu ya mahakama, waliipinga kwa shauri la kikatiba. Mwezi Desemba 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Mkulima asiye na karatasi yoyote mkononi bado anasimama juu ya hukumu hiyo.

Ushindi katika mapitio una mipaka yake. Uamuzi uliotenguliwa kwa sababu mhusika hakusikilizwa unaweza kufanywa upya, safari hii kwa notisi na usikilizwaji, na ukaishia palepale. Tena hatua sahihi haziisafishi hati iliyozaliwa vibaya. Nchini Kenya, mwezi Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilikataa kuilinda hati ya kiwanja cha ufukweni Mombasa, katika shauri la Dina Management, kwa kuwa ugawaji wa awali wa mwaka 1989 haukufuata sheria. Aliyekinunua baadaye hakuokolewa na hati aliyokuwa nayo. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, lakini mnunuzi wa kiwanja karibu na Ziwa Victoria ana sababu ya kuizingatia, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Mwenye hati anashauriwa ahakikishe kwamba jina na anuani yake katika jalada la ofisi ya ardhi ni vya sasa, na warithi wafungue mirathi mapema. Anayepokea notisi aandike tarehe aliyoipokea, atunze bahasha, na ajibu kwa maandishi akibaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Asiyemudu wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya Mtendaji wa Kata itamwelekeza wapi pa kuanzia.